Fidia Hutangulia Maji

Mizani ilipoichagua Mitole, mimi nilikuwa natafuna mhogo wa kuchoma na kumsengenya mke wa chifu. Ndivyo ilivyokuwa, sitaki kujipamba. Skrini kubwa ya mnarani ilibadilika rangi, ikatoa ule mlio wake wa adabu, kama mgeni anayekohoa mlangoni, kisha maandishi yakatokea.

"Maji ya mabwawa ya juu yatafika alasiri hii. Mto hautayabeba. Lango linalopendekezwa: Mitole. Kaya zitakazoathirika: hakuna. Fidia: hakuna. Shahidi, thibitisha au kataa."

Hakuna. Nilisoma neno hilo mara mbili, nikauweka mhogo chini.

"Mhandisi," nikamwita Dullu, mkuu wangu, aliyekuwa dirishani akijinyoosha mgongo. "Hebu njoo uone upuuzi huu."

Akaja, akasoma, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, hakuna mtu. Weka kidole, Hawayu, tumalize."

"Hakuna mtu vipi? Mama yangu yuko Mitole!"

"Mama yako yuko Mitole juu. Maji yanakwenda Mitole bondeni."

"Mhandisi, mpunga umetunga. Mpunga ukitunga, nani anabaki juu?"

Alinitazama kama niliyesema Kichina. Simlaumu sana. Alizaliwa mjini, mpunga kwake ni kitu cha sahani. Nikamweleza mbiombio. Kwetu mpunga ukianza kutia maziwa, kweleakwelea hushuka kwa makundi, na usipokuwapo shambani unavuna makapi. Kwa hiyo wanawake wote huhamia bondeni kuamia ndege. Hubeba sufuria, kuku na watoto wanaonyonya, wakalala kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba. Mchana wanapiga makopo na kurusha matonge ya udongo kwa kombeo, usiku wanafukuza viboko. Mitole juu hubaki mbwa na wagonjwa.

"Kwa muda gani?" akauliza.

"Mpaka wavune."

Dullu alikaa chini polepole. "Lakini vigingi vyao viko wapi, basi?"

*

Hapo ndipo nilipofungua ramani.

Asiyeijua Mizani lazima aambiwe kidogo. Mafuriko yalipokuwa yanakuja kila msimu, bima ya zamani ililipa baada ya maji, yaani haikulipa. Ulitakiwa uthibitishe kwamba nyumba iliyokwenda na maji ilikuwapo. Ndipo kaunti yetu ikaingia mkataba na kampuni moja, ikaletwa akili unde inayoitwa Mizani. Kila kaya ikapewa kigingi, kipande cha chuma kirefu kama mchi, chenye jicho juu na mzizi chini. Kigingi kinapima udongo, kinasikia mto, kinajua kimo cha ardhi kilipochomekwa. Mizani inavisoma vyote kwa pamoja, na maji yakija inajua nani atalowa kabla hajalowa. Fidia inaingia kwenye simu yako kwanza, kisha kigingi kinalia, halafu ndipo maji yanafika. Fidia hutangulia maji. Wimbo huo tulifundishwa mpaka watoto wakaurukia kamba.

Lakini maji hayapotei kwa sababu umelipa. Mto ukijaa kupita kiasi, lazima yatolewe mahali. Yapo malango mawili. La Mitole liko juu, linafungulia mkono wa zamani wa mto, ule unaorudi mtoni karibu na Kibaoni, maji yakajaa bonde zima la ng'ambo. La Kibaoni liko kwenye tuta hapahapa chini ya mnara wetu, na mji wa Kibaoni umekaa nyuma yake, na soko lake, na shule yake, na hospitali. Mizani inalinganisha hasara ya huku na ya kule, inachagua iliyo ndogo. Sheria inataka mtu aliye hai aweke kidole. Huyo ndiye shahidi. Siku hiyo alikuwa mimi.

Kwenye ramani kila kigingi ni nukta ya kijani. Kibaoni nukta zilikuwa zimetapakaa nyumba kwa nyumba, zinavyopaswa. Za Mitole zilikuwa zimerundikana mahali pamoja, huko juu kwenye kilima, zimekaa duara kama watu walio msibani. Nikavuta ramani karibu. Mahali pale napajua. Mimi mwenyewe nimezikwa kidogo pale.

Ni kitovuni. Mtoto akizaliwa Mitole, kitovu chake kikidondoka kinapelekwa pale na bibi yake, kinafukiwa. Na chochote cha kuilinda nyumba hupelekwa palepale, iwe kafara, iwe kombe la dua, iwe mche wa heri. Nyumba yenyewe kwetu ni kitu cha kupita, mwaka huu iko huku, mwakani mto umehama na wewe umehama nao. Sasa wamekuja watu wa bima wakasema, jamani, hiki ni mlinzi wa familia, mkipande nyumbani. Watu wa Mitole wangekipanda wapi kwingine? Walikwenda nacho kitovuni kwa ngoma na uji.

Mizani ikaona familia zote za Mitole zinaishi kileleni, pakavu. Ikawatoza ada ndogo kuliko kaunti nzima, nao wakajisifu mwaka mzima kwamba mizimu yao ina akili kuliko ya Kibaoni.

"Iandikie," akasema Dullu. "Iambie Mizani kuna watu."

Nikaandika. Jibu likaja hata sijaondoa mkono. "Hakuna kigingi bondeni Mitole. Taarifa yako imehifadhiwa."

"Tuwaambie wavihamishe! Wachukue hata kimoja, wakichomeke mashambani!"

"Kigingi kikihama siku ya mafuriko, Mizani inakihesabu ni wizi," akasema Dullu. "Umesahau? Watu walikuwa wanavikimbiza kwenye maji wapate fidia. Inakifunga papo hapo." Akanyanyua macho juu, kwenye mawingu. "Na droni ya kwenda kuwapiga picha haitaruka katika upepo huu."

Nikatukana. Tusi lenyewe silirudii hapa.

*

Mama alipokea simu baada ya kuita sana.

"Haloo! Nani huyu ananiita na ndege wananila?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, ondokeni bondeni. Sasa hivi, wote. Maji yanakuja."

"Maji gani?" Nilisikia kopo likigongwa nyuma yake, na mwanamke akiwaapiza ndege. "Kigingi hakijalia."

"Hakitalia! Mlikipanda kitovuni."

"Ehee. Ulitaka nikakitie kwenye matope, viboko wakikanyage? Mlinzi wa nyumba huyo. Hawayu, shule imekufanya mgeni kabisa."

"Mama, nisikilize. Mashine inadhani hakuna mtu bondeni. Itafungua mkono wa zamani wa mto."

"Basi iambie tupo."

Ningelia hapohapo. "Haisikii maneno, mama."

"Mashine gani isiyosikia maneno? Na pesa je? Mafuriko ya siku hizi yanaanza na pesa, ninyi wenyewe mlikuja kutufundisha. Mimi simu yangu haina hata senti."

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia nguzo za dungu lake hazitatosha. Akacheka. Akasema nguzo zile alizipima bibi yangu kwa maji yale makubwa aliyoyaona kwa macho yake, na watu wa bima walipokuja waliyaita maji ya miaka mia. "Hayo yalishapita. Mengine watayaona wajukuu wa wajukuu zako, kama utazaa."

"Si zamu, mama! Miaka mia maana yake si kwamba yakipita yanapumzika. Ni kama kete. Kila mwaka inatupwa upya, na inaweza kuangukia palepale. Na siku hizi hata kete yenyewe imeharibika, inaangukia palepale kila mara."

"Kamari tena? Aka, mimi sichezi kamari." Kisha akashusha sauti, akawa mpole. "Mwanangu, juu ni nusu siku ya matope, na mguu wangu unaujua. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilishavunjika, sasa nisikie la nani?" Wenzake wakaangua kicheko. "Nikiondoka leo, kesho hakuna mpunga. Na bima hailipi mpunga ulioachwa bila kigingi kulia. Tutakula nini? Maneno yako?"

"Mama, nakuomba. Nakuomba, mama."

Akaisogeza simu sikioni. "Unalia?"

"Silii."

"Unalia. Acha hizo, mtu mzima wewe. Siondoki. Betri yangu ndogo, naizima hii simu."

Ikakatika. Nikawapigia wengine. Waliopokea walinijibu hivyohivyo, kigingi hakijalia, pesa haijaingia, wewe mtoto wa Habona una wazimu gani leo? Sikupata hata mmoja wa kuniamini. Nikampigia mama tena na tena mpaka adhuhuri ikapita, simu imezimwa. Na mama yangu Habona namjua. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona akibadili neno, hata lile la kumfukuza baba.

*

Skrini ilikuwa inahesabu muda. Nisipogusa chochote, lango la Mitole lingefunguka lenyewe, na mimi ningeweza kusema mbele ya watu na mbele ya Mungu kwamba sikugusa. Wengi kabla yangu walifanya hivyo. Ni njia tamu sana, hiyo.

Shahidi anaruhusiwa kukataa mara moja tu. Akikataa, Mizani inakwenda kwenye chaguo la pili, na hilo halikataliki, ili mtu asije akakataa na kukataa mpaka tuta likapasuka lenyewe. Nikabonyeza nione chaguo la pili. Nililijua, lakini nilitaka kuliona limeandikwa.

"Kibaoni. Fidia: ya kiwango cha juu. Vifo vinavyokadiriwa: kumi na tisa, wengi wao hospitalini."

Dullu aliona ninakoelekea. Akaja akasimama kati yangu na kile kibao cha kioo cha kuwekea kidole.

"Usifanye hivyo, Hawayu."

"Kibaoni wataonywa. Vigingi vyao vitalia, watapewa fidia, wana tuta la kupanda, wana magari. Mitole hawataonywa na mtu. Hawapo! Watakufa na bado watakuwa hawapo."

"Hospitalini kuna watu hawawezi kunyanyua shingo."

"Najua."

"Unajua kuna mmoja tu unayemwokoa. Niambie ukweli. Kama mama yako angekuwa juu leo, ungekataa?"

Swali lile liliniingia. Nataka kusema niliwafikiria wanawake wote wa Mitole, na watoto waliofungwa mgongoni. Nisikudanganye. Nilimwona mmoja tu, na mguu wake, na kopo lake mkononi.

"Sijui," nikamwambia.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema Dullu. "Wanangu wawili wako shuleni pale chini. Sasa hivi wako darasani. Unataka nikuombe? Nitakupigia magoti."

Na kweli akaanza kuinama, mtu mzima yule, mhandisi, mwenye mvi. Nilichukia kila kitu wakati ule. Niliichukia kampuni, niliichukia kaunti, nilimchukia mama kwa ubishi wake na Mizani kwa upofu wake. Ilikuwa mashine nzuri, haikuwa na chuki na mtu. Ilihesabu walichoipa.

"Usinipigie magoti," nikasema. "Kimbia ukawachukue. Muda upo."

Alinitazama. Akatema mate sakafuni, pembeni ya kiatu changu, kisha nikasikia miguu yake kwenye ngazi za chuma, anashuka mbio.

Nikaweka kidole. Nikakataa.

"Sababu?" ikauliza Mizani.

"Kuna watu," nikaandika.

"Hakuna kigingi," ikajibu. "Chaguo la pili limeanza. Lango la Kibaoni litafunguka baada ya malipo kukamilika. Ahsante kwa huduma yako."

*

Kuna jambo moja nililijua lakini sikuwahi kulitia moyoni mpaka siku ile. Vigingi haviruhusiwi kulia mpaka fidia ya mtu wa mwisho iwe imeingia na kuthibitishwa. Kampuni ilitaka risiti kabla ya kelele; lango lenyewe halikusubiri risiti, lilisubiri pesa iingie tu.

Kwa hiyo kwanza zililia simu. Nilizisikia kutoka juu ya mnara, sokoni, kwenye mabanda ya chai, kwenye madarasa, zote kwa pamoja. Halafu kukawa kimya kidogo, watu wanasoma. Halafu vikaanza vigelegele.

Maana mwaka jana Kibaoni walilipwa hivyohivyo, kisha mvua ikakatika huko juu, maji yakapungua njiani, hayakufika. Pesa walibaki nazo. Watu waliezeka nyumba, waliposa, mmoja alinunua pikipiki akaibatiza Mafuriko. Sasa wamelipwa tena, nani akimbie? Nilimwona mama muuza maandazi akicheza na sinia kichwani. Vijana walikuwa wanarukaruka mbele ya duka la simu. Katikati yao nilimwona Dullu akiwasukuma kwa viwiko, anapiga kelele, na mtu mmoja akamkumbatia kwa furaha, akamzungusha.

Nilifungua dirisha nikapiga ukelele. "Kimbieni! Tokeni! Maji!" Upepo ulinirudishia mwenyewe. Wawili watatu waliinua macho, wakanipungia mkono.

Chini yangu milango ya chuma ikaguna. Ilianza kunyanyuka taratibu, na ule ulimi wa kwanza wa maji, mwembamba tu, wa kahawia, ukapita ukielekea kwenye mfereji wa nyuma ya hospitali. Lango likishaanza halifungwi mpaka mto ushuke. Nilijaribu. Nilipiga kile kioo kwa kiganja, nikakipiga kwa kiti.

Simu yangu ikalia. Nilidhani ni Dullu.

"Hawayu! Uko wapi?"

Alikuwa mama. Wallahi nilishukuru. "Mama! Niko kazini. Mko salama huko. Nimewaokoa, mama, maji hayaji tena kwenu."

"Hayaji? Ebo! Na wewe ulivyokuwa unalia!" Alikuwa anahema, na anacheka. "Unajua sijawahi kukusikia ukilia hivyo, tangu kifo cha bibi yako. Baada ya kuizima simu nikakaa, mkono hautaki kurusha. Nikawaambia wenzangu, jamani, mtoto huyu hajui kulia bure. Tukaacha mpunga, tukaacha kila kitu."

"Mmekwenda juu?"

"Juu kwa mguu gani? Tumeingia mitumbwini, tukashuka na mkono wa zamani wa mto mpaka huku Kibaoni. Si ndiko kwenye tuta? Si ndiko kwenye serikali? Tumejaa hapa barazani hospitalini, mguu umenivimba, muuguzi mmoja mwema amenipa kiti. Wenzangu wamekwenda sokoni kutazama." Nyuma yake nilisikia vile vigelegele, vilevile vilivyokuwa vinaingia dirishani kwangu, sikio hili na sikio hili. "Mwanangu, kuna sherehe gani hapa? Watu wamefurahi hivi!"

Ndipo vigingi vya Kibaoni vilipoanza kulia. Vilianza vya karibu na tuta, vikapokezana mpaka mwisho wa mji, na vigelegele vikakatika kama vimezibwa mkono.

"Mama," nikasema. "Mama, kimbia."

Akacheka, kwa uchovu, kama anavyonicheka nikimpa chai isiyo na sukari.

"Nikimbie wapi tena, Hawayu? Si nimeshakimbia?"